Chombo cha Anga cha Ghorofani

Baya Kiti alikuwa mtu wa mikono mikubwa. Kazi yake ilikuwa kufunga makontena melini, kuyabana kwa vyuma na minyororo yasije yakahama bahari ikichafuka, na ukimwona akikatiza Makadara na viatu vyake vya kazi ungedhani mtu kama huyo akifika nyumbani hula, akalala, basi. Lakini juu ya kabati la nguo, katika vyumba viwili alivyopanga na mkewe Sidi ghorofani Kibokoni, Mombasa, palikuwa na safu ya vyombo vya anga. Alivitengeneza mwenyewe kwa vifuniko vya dawa ya meno, kalamu zilizokwisha wino na trei za mayai alizozikata na kuzipaka rangi ya fedha. Kila kimoja kilikuwa na taa ndani. Jioni alizima taa ya chumba, akawasha zile ndogo, akaketi kitandani kuzitazama, na Sidi akipita na sufuria humwambia, "Nahodha, ugali umeiva."

Mapenzi hayo aliyatoa mbali. Alikuwa mtoto Kaloleni gari la sinema lilipokuja shuleni kwao likatundika shuka nyeupe ukutani. Wenzake walipenda vita na milipuko. Yeye alipenda chumba cha nahodha: ukuta mzima wa taa, nyekundu, kijani, samawati, zikikonyeza bila kelele, na watu wametulia mbele yake kama wanaojua kila moja inasema nini. Filamu yenyewe aliisahau, hata jina. Ukuta ule haukumtoka. Alipooa, alipomzaa Ketty, Ketty alipokua akaolewa Malindi, bado alikuwa akijiambia kwamba siku moja atajenga ukuta kama ule, wa kimo cha mtu, si hivi vidude vya juu ya kabati. Wakati ndio haukupatikana.

Wakati ulimjia kwa njia ambayo asingeiomba. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, barabara imelowa, na pikipiki moja ikateleza pale Makadara ikamkumba ubavuni akiwa anatoka kazini. Paja lilivunjika pabaya, karibu na nyonga. Hospitali walimtia chuma, wakamweka hadi walipotosheka, kisha wakamruhusu arudi nyumbani. Aliyempandisha ghorofani ni Musyoka, mwenzake wa kazi, mtu wa Kitui mwenye kifua kama pipa. Ngazi za nyumba hizi za Mji wa Kale ni nyembamba na zina kona kali, machela haipiti. Musyoka alichuchumaa, akasema, "Panda, bwana. Umenibebea minyororo mingi, leo zamu yangu." Akambeba mgongoni kama mtoto, kona kwa kona, huku Sidi akitangulia na magongo.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemwonya kwamba asipokuwa anasimama kila siku, kidogo kidogo, mguu utakauka. Baya alijaribu mara moja. Maumivu yakampanda hadi kwenye meno, akaketi, akasema kesho. Kesho yake akasema hivyo hivyo. Asubuhi Sidi alikwenda Mtaa wa Biashara, kwenye duka la nguo alikokuwa akipinda leso kwa cherehani, na Baya akabaki chali akitazama boriti za dari, zimepangwa kama mbavu. Mchana Bi Ruweida, mwenye nyumba aliyekaa chini, alimletea sahani iliyofunikwa. Alikula vijiko viwili akaisukuma pembeni. Ketty akipiga simu, alimjibu kwamba yu mzima, kisha akampa mama yake simu haraka.

Siku moja akaja Jamaldin. Huyu alikuwa na kibanda Makadara, anatengeneza mabango ya maduka, yale yenye herufi zinazowaka. Baya alikuwa mteja wake wa vipande: akipita humwuliza kama kuna utepe wa taa uliokatika, au bao la plastiki lililokosewa. Jamaldin alipanda ngazi akihema, mfuko mzito begani.

"Nimeona hupiti," alisema. "Nikauliza, nikaambiwa. Pole sana, bwana."

"Nishapoa."

"Nimekuletea taa. Zilikuwa za bango la duka la dawa, mwenyewe akageuka, hataki kijani tena. Na waya, na betri za zile taa za dharura, bado zina nguvu."

Baya aligeukia ukutani. "Za kazi gani kwangu sasa, Jamaldin?"

Jamaldin hakubishana naye. Aliuweka mfuko miguuni pa kitanda, akanywa maji, akaaga. Mfuko ukakaa pale. Baya alikuwa akiugusa kwa kidole cha mguu mzima kila anapojigeuza, na ulikuwa ukilia kwa plastiki. Wiki ilipokaribia kwisha aliuvuta akaufungua, kwa ajili ya kuunyamazisha tu, alivyomwambia Sidi. Jioni hiyo Sidi alimkuta ameketi, mito nyuma ya mgongo, mapajani ana sinia ya kuchambulia mchele iliyojaa vitaa.

Ukuta ulianza hivyo. Sidi alimtafutia ubao mpana, mlango wa kabati lililotupwa, na Baya akaanza kuuchora. Alitoboa matundu ya taa, akakata madirisha mawili ya kutazamia nyota, akabandika vifundo vya redio mbovu, swichi, vifuniko vya chupa, kibodi ya kompyuta isiyo na herufi. Alipowasha mara ya kwanza alivunjika moyo. Taa zilionekana chembe moja moja, kama punje za mahindi kwenye gunzi, na kila mtu angejua ni taa za bango.

"Mabango huwekewa plastiki nene, nyeupe kama maziwa," Jamaldin alimweleza kwa simu. "Sina hata kipande, na kuagiza ni shughuli."

Sidi alikuwa akisikiliza huku akikunja nguo. Kesho yake alirudi na vipande vya melimeli, kile kitambaa cheupe chepesi cha vilemba, masalio aliyopewa dukani. Alikunja mikunjo miwili, akakivuta mbele ya taa kwa vidole vyake vya ushonaji, hakikuwa na kunyanzi hata moja. "Washa."

Baya akawasha. Zile chembe zikapotea. Palibaki mwanga mtupu, laini, umetanda dirishani kama alfajiri ya mahali pengine. Kisha Baya akacheka, na Sidi akagundua kwamba kicheko hicho alikuwa hajakisikia tangu masika.

Ubao ulipokuwa mzito wa kupakata, Musyoka alikuja Jumapili baada ya kanisa kuutundika. Baya alitaka ukae usawa wa kitanda, aufikie akiwa ameketi. Wakamhamishia chumba cha pili wapate nafasi, akasikia nyundo, akasikia wananong'ona, na aliporudishwa alikuta ubao umetundikwa juu, ncha yake ya chini ndiyo inayofikia bega lake akiketi.

"Mbona juu hivyo?"

"Msumari umekataa pale chini," Sidi alisema. "Mawe ya nyumba hii unayajua."

"Yamekataa kabisa," Musyoka akaunga, macho kwenye nyundo.

Baya alinung'unika siku nzima, lakini ubao ulikuwa umeshapanda na kazi ya chini ilikuwapo tele. Akaendelea na safu za chini, ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu umenyooshwa juu ya kigoda.

Kisha ikaja ile alasiri ya moshi. Sidi alikuwa kazini. Baya alikuwa ameokota adapta ya kompyuta kuukuu katika mfuko wa Jamaldin, na subira ikamshinda. Alitaka kuona kila kitu kikiwaka kwa pamoja, asingoje betri zijae. Sidi alikuwa amemchomekea feni kwenye soketi ya mlangoni, kwa waya mrefu. Baya akaichomoa feni kwenye ncha ya waya, akaipachika adapta. Ukuta ukawaka vizuri kupita alivyowahi kuota. Alikuwa bado anatabasamu aliposikia harufu. Waya mwembamba wa nyuma ulikuwa umebebeshwa umeme uliouzidi. Moshi ukachungulia, pembe ya melimeli ikaanza kujikunja na kugeuka kahawia. Adapta ilikuwa imeangukia nyuma ya kitanda, soketi ilikuwa mlangoni, na magongo yalikuwa yameegemezwa upande wa pili wa chumba.

"Bi Ruweida!" alipaza sauti. "Bi Ruweida! Moto!"

Bi Ruweida alikuwa na magoti mabovu na kila siku aliapa hatapanda tena ghorofa ile. Alipanda. Alifika mlangoni, akautia macho ukuta unaofuka, akauchomoa waya kwenye soketi, kisha akavua mtandio na kuupiga ule ubao mpaka moshi ukakata. Melimeli ilikuwa imeungua pembe tu. Yeye akaanguka kwenye kiti cha Sidi, anahema.

"Baya! Wataka kuniteketezea nyumba hini?"

"Nisamehe, mamangu. Nakosa la kusema."

"Boriti hizi alizitia babu yangu. Zikishika moto, nani atazizima? Wewe usiyeweza kuondoka kitandani?"

"Nitakiondoa chote. Leo leo. Sidi akija tutakitoa."

"Ngoja nipate pumzi kwanza." Alijipepea na mtandio. Macho yake yalikuwa yakiuzunguka ubao, kwenye vifundo, kwenye madirisha, kwenye zile kalamu zilizogeuzwa mabomba. "Kwani ni nini? Usinambie ni taa. Taa naziona."

Baya alikuwa na miaka hamsini na kitu, na hakuwa amewahi kumweleza mtu mwingine zaidi ya Sidi. Akamweleza, macho chini. Kwamba ni chumba cha nahodha wa chombo cha anga. Kwamba chombo kimetoka pwani hii, kimeupita mwezi, kinakwenda kwenye nyota ambazo watu hawajafika. Kwamba si kitu cha kweli, ni mchezo tu wa mtu mzima. Alisubiri acheke, au amwambie atafute nyumba nyingine.

"Wapika nini humo?" Bi Ruweida aliuliza.

"Nani?"

"Hao watu wa chombo."

"Nadhani... chakula kikavu. Cha kwenye pakiti."

"Miskini. Na Waislamu wamo?"

Baya akafikiri. "Wamo. Chombo kimetoka Mombasa, watakosaje?"

"Basi wakitaka kusali waelekea wapi?"

Baya alikuwa amefikiria injini, hewa, vimondo, hata mahali pa kuweka viatu. Hilo halikuwahi kumpitia.

"Makka iko duniani," alisema polepole, "na dunia wameiacha nyuma. Kwa hivyo waelekee dunia."

"Na dunia wataijua iko upande gani, nawe huku hukuwawekea chochote? Waona?" Bi Ruweida alisimama kwa kujisukuma na magoti, uso bado mkali. "Sikiza, mwanangu. Umeme wa ukutani usiutie tena kwenye kitu hiki. Betri tu. Na kibla ukiweke. Na kiwe juu, katikati, mtu akiingia akione. Si huku chini kwenye magoti ya watu. Ntakuja kukitazama."

Akashuka, jiwe kwa jiwe, anajisemea. Baya alikuwa amejiandaa kwa kufukuzwa, akapewa kazi.

Kibla alikitengeneza kwa uso wa saa ya ukutani iliyokufa. Aliondoa namba, akapaka weusi, akatoboa vijitundu vya nyota, na pembeni akatia ushanga wa samawati, ndio dunia. Mshale alioutia taa ya kijani kwenye ncha ulizungushwa na mota ndogo ya mashine mbovu ya kuchezea sidii: ukitangatanga, kisha ukifika kwenye ule ushanga, unatulia. Alijivunia kile kisahani kuliko kitu chochote alichowahi kukitengeneza. Tatizo lilikuwa kukipandisha. Alijaribu akiwa ameketi, amekibandika kwenye ncha ya mwiko wa ugali. Kilimwangukia kichwani. Akajaribu tena, kikaangukia kwenye chai.

Basi akayavuta magongo. Akayatia kwapani, akahesabu pumzi, akajiinua. Maumivu yalikuja, nayo yalikuwa yale yale. Tofauti ni kwamba safari hii alikuwa na skrubu mdomoni na shughuli mkononi, hakuwa na nafasi ya kuyasikiliza. Aliigusa ile sehemu ya katikati, akatia alama kwa penseli, akaketi kwa kishindo, jasho likimtiririka. Alama ilikuwa imepinda. Ikabidi asimame tena.

Kesho yake alisimama kutoboa tundu. Kesho kutwa alisimama kupitisha waya. Kisahani kikakaa, lakini sasa aliona upande wa kulia juu panapwaya, akaongeza safu ya taa nyekundu. Kisha kushoto pakawa pamezidiwa. Kila siku ubao ulikuwa na shida mpya kule juu, na Baya mwenyewe hakujua ni lini alianza kuzitafuta hizo shida.

Jioni moja alikuwa akikaza kifundo. Alisikia hatua za Sidi ngazini, kisha akasikia kimya. Akageuza kichwa. Sidi alikuwa amesimama kwenye kona ya mwisho ya ngazi, mzigo wa leso kifuani, hapandi wala hashuki.

"Mbona huingii?"

"Napumzika kidogo," Sidi alisema, na sauti yake ikavunjika.

Hapo ndipo Baya alipotazama chini. Magongo yalikuwa kitandani. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, kiganja kimoja kimeshika ukuta, bisibisi ameiuma kwa meno. Sidi aliuangusha mzigo palepale, akaja akampitishia mkono kiunoni, wakakaa hivyo mbele ya taa zinazokonyeza.

Mtaalamu wa mazoezi alipomwona tena aliuliza amefanya nini, na Baya akajibu kwamba amejenga chombo cha anga. Yule bwana akacheka, akaandika anayoyaandika. Miezi ikasonga. Alianza kushuka hadi kwa Bi Ruweida, kisha hadi barazani, kisha hadi Makadara kwa Jamaldin, ambako aliketi kati ya herufi zinazowaka akapewa kahawa na kuulizwa ushauri kuhusu melimeli. Kazini hawakumrudisha kwenye makontena. Walimpa ghala la vifaa vya kufungia, apokee na kutoa, kazi ya kukaa na kusimama kwa kiasi. Alishukuru.

Ni Musyoka aliyeropoka. Walikuwa ghalani wanakula, wakizungumzia ubao, na Musyoka akasema, "Shemeji ana jicho kali. Mimi niliupigilia pale ulipotaka, usawa wa kitanda, msumari ukaingia kama kwenye papai. Akaniambia ng'oa. Juu zaidi. Akaniambia atasimama tu, ubao huo atausimamia..." Mkate ukabaki hewani.

"Endelea," Baya alisema.

"Basi. Nimeshasema."

Jioni Baya alimtazama Sidi akipepeta mchele. Njia nzima alikuwa akipanga maneno mengi, na alipofika yakawa hayatoshi. Akasema tu, "Mama Ketty. Mawe ya nyumba hii ni laini."

Sidi hakuinua uso, lakini mkono wake ulisita juu ya sinia. "Musyoka ana mdomo," alisema.

"Asante."

"Wewe ndiye uliyesimama."

"Asante hata hivyo." Akamchukulia sinia, akaketi kupepeta yeye, vibaya, mchele ukaruka hadi chini ya kitanda.

Tangu hapo kila alipowasha ukuta aliona watu. Ule mwanga wa kijani wa chini ulikuwa duka la dawa na pumzi za Jamaldin ngazini. Madirisha yalikuwa vidole vya mkewe. Pembe iliyoungua hakuibadilisha melimeli. Aliifunika kwa kipande cha chuma, lakini yeye alijua ilipo, na alijua nani aliyepanda ghorofa na magoti yake mabovu. Mtu mwenye tabia yake hasemi sana. Jumapili kanisani, wenye shukrani walipoitwa mbele, alisimama akafika, akasema, "Namshukuru Mungu kwa mguu, na kwa watu," akarudi kuketi, na waliomfahamu wakaona amehutubia.

Baada ya Idi Bi Ruweida akaleta wageni. Hakuomba ruhusa, alituma tu salamu kwamba anakuja na dada zake wawili na jirani yake Khairiya kutazama kibla. Walipanda polepole wakishikana, wakaijaza nyumba kwa udi na vicheko. Baya aliwasha swichi moja baada ya nyingine.

"Subhanallah," Bi Khairiya alisema.

"Sasa tazameni juu," Bi Ruweida aliamrisha, amesimama kando ya ubao kidole mbele. "Ule mshale watafuta. Watafuta... Huo, umepata. Ule ushanga ndio dunia. Mtu akiwa mbali kiasi gani, hapotei."

"Na chumba cha wanawake kiko wapi?" mmoja wa dada zake akauliza.

"Ehe, Baya, kiko wapi?"

"Kiko... ghorofa ya juu," Baya alisema. "Bado sijaifikia."

"Fanya haraka," Bi Ruweida alisema. "Watu wako safarini."

Wakaketi wanne kwenye kitanda mbele ya nyota, wakabishana kama chakula cha pakiti kinaweza kutiwa nazi, na kama nahodha ni bora awe Mmijikenda kama Baya au mtu wa Kibokoni. Kutoka jikoni kwa Bi Ruweida, chini ya ngazi, Sidi aliita kwamba kahawa iko tayari na mikono yake imejaa mahamri. Baya alishuka. Alizipanga finjani kwenye sinia, akaweka buli katikati, akainua vyote kwa mikono miwili, na akaanza kupanda.